Kazi naiweza, ofisi ndiyo inanimaliza: mhasibu mwenye usonji naomba ushauri

Mhasibu Kimya (mleta mada), Jumanne saa 3:40 usiku

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Ni mwanaume wa miaka 34, mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Miaka mitatu iliyopita daktari wa afya ya akili aliniambia nina usonji (autism). Sikuwa nimeenda kwa ajili yangu. Nilimsindikiza dada yangu kumpeleka mwanawe, alikuwa na miaka 5 na bado haongei. Daktari anauliza maswali ya mtoto, mimi pale pembeni najijibu moyoni: hata mimi, hata mimi. Mwezi uliofuata nikarudi peke yangu.

Sasa yaliyonikuta juzi. Wahasibu mnajua, tarehe 20 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani ya VAT (taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani). Tarehe 19, saa 8 mchana, umeme umekatika. Jenereta linanguruma chini ya dirisha langu. Tupo watu 11 kwenye ukumbi mmoja tangu wavunje kuta mwaka jana "ili tushirikiane". Kuna mtu kapasha samaki. Dada wa mapokezi anazungusha daftari la mchango wa harusi. Bosi akaja akaegemea meza yangu: acha hiyo kwanza, nitolee ripoti ya wadaiwa, fasta tu.

Nikafungua mdomo nimjibu, sauti haikutoka. Sikuwa na hasira. Maneno nilikuwa nayo, nayaona kabisa kichwani kama yameandikwa, ila mdomo ukawa kama wa mtu mwingine. Nikainuka nikaenda kwenye ngazi za dharura, nikakaa kati ya ghorofa ya 2 na ya 3, nikahesabu vigae. Viko 84. Nilikaa dakika 50. Kurudi nakuta bosi ameshawaambia watu kwamba nimesusa.

Ritani niliituma saa 5 usiku nikiwa nyumbani na haikuwa na kosa hata moja. Nikalala na viatu. Kesho yake nilishindwa kuchagua shati. Mashati yapo manne, yote nayajua, nimesimama mbele ya kabati mpaka saa 2 asubuhi. Nikapiga simu kusema naumwa.

Kuacha kazi siwezi, mwezi wa tisa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Naomba aliye na hali hii na bado yuko kazini anieleze anaishije.

Kuku wa Kienyeji

Pole mkuu, lakini tusidanganyane. Huo ni msongo wa kawaida, sote tunao. Usonji ni wa watoto. Wewe una digrii, una ajira, unaandika Kiswahili kilichonyooka. Fanya mazoezi, ombewa, oa. Babu zetu walifanya kazi ngumu kuliko hizo na hawakuwa na haya majina.

Mwalimu wa Hesabu

Kaka Kuku, hao watoto wakikua unadhani wanakwenda wapi?

Ngoja nikuambie ya babu. Babu yangu mzaa mama, Ukerewe, alikuwa anashona nyavu chini ya mwembe tangu alfajiri hadi jua linazama. Ukimsalimia hakuitikii mpaka amalize safu. Chakula chake kilikuwa kilekile, sahani ileile. Watu wakasema mwacheni, ndivyo alivyo. Hakuna aliyemwita kikao, hakuna aliyemwambia ahamie ukumbini ashirikiane, hakuwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Mchukue babu huyo umkalishe leo kwenye meza ya mleta mada, jenereta chini, samaki pembeni, halafu uniambie kama hutamkuta kwenye ngazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, niligundulika nikiwa na miaka 41. Na hili si la kubuni: mwongozo wa Wamarekani wa kupima matatizo ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unasema dalili huanza utotoni lakini zinaweza zisionekane wazi mpaka mtu atakapotakiwa kufanya zaidi ya uwezo wake, au zikafichwa na mbinu alizojifunza ukubwani. Mwongozo huohuo unataja kuzidiwa na sauti, harufu na mwanga kuwa miongoni mwa dalili. Sasa soma tena habari ya kuta zilizovunjwa.

Mleta mada, darasani mimi sina shida. Watoto 60, lakini najua kipindi kinaanza saa ngapi, kengele italia, nitasema mimi wao wataandika. Chumba cha walimu ndicho kinaniua. Pale huwezi kujua nani atakuuliza nini, na wakicheka unatakiwa ucheke kabla hujaelewa. Nimecheka vichekesho vya watu miaka 15 bila kujua vinahusu nini. Ukifika nyumbani umechoka kama uliyepiga jembe, mume anauliza kwani leo umefanya nini.

Hiyo ya kukosa sauti mimi naiita kuzima. Kuna wenzetu wanalipuka, wanapiga meza, wanalia, na kuna sisi tunaozima. Wanaolipuka angalau wanaonekana wana shida. Anayezima anaambiwa amesusa, ana kiburi, anajisikia. Na la shati si uvivu. Ukitumika kupita kiasi muda mrefu, vitu ulivyokuwa unaweza vinaanza kukutoka mkononi kimoja kimoja. Kwangu ilianza na kupika wali. Naujua tangu nina miaka 9, siku moja nikasimama mbele ya sufuria sijui kinachofuata.

Mhasibu Kimya

Mwalimu, umeniliza, mimi ambaye hata msibani silii, na hilo nalo walinisema.

Umenikumbusha kitu. Nilipokuwa mdogo nilisifiwa sana. Simtazami mkubwa machoni, siingilii mazungumzo, napanga viatu vya wageni kwa ukubwa. Bibi alikuwa anawaambia majirani huyu mtoto ana adabu, tazameni. Kumbe ilikuwa si adabu, au tuseme adabu na usonji vilikutana njiani vikaongozana. Nimekuja kwenye usaili wa kazi mwaka 2014, kutotazama macho kulekule naambiwa sijiamini. Nikajifunza kutazama katikati ya nyusi. Mpaka leo nikiongea na bosi nusu ya akili inashughulika na nyusi zake, nusu iliyobaki ndiyo inasikiliza anachosema.

Pwani Tulivu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Mombasa, nafanya kazi hotelini, upande wa kupokea maombi ya vyumba kwa barua pepe. Huku wengine huiita tawahudi. Jina lolote, ugonjwa wa ofisi ni uleule.

Langu mimi ni mafumbo. Sisi watu wa pwani, wallahi, hatusemi jambo likanyooka. Meneja akinambia "tutaona", mimi nangoja tuone. Wiki mbili namuuliza, tumeshaona? Kumbe ile ilikuwa hapana. Akinambia "hii ripoti si mbaya, ungeitazama tena ukipata nafasi", mimi sikupata nafasi, sikuitazama. Nikapewa barua ya onyo. Na mara ya kwanza niliposikia "karibu chakula" pale jikoni kwa wafanyakazi nilikaa nikala, sahani ya mwenzangu.

Dawa yangu ni binamu. Nina binamu yangu wa kike, ulimi wake ni wembe, fumbo halimpiti. Ujumbe wowote wa kazini nisiouelewa namrushia: huu una kitu ndani? Ananijibu neno moja, kipo au hakipo. Ukiwa na mtu kama huyo usimwache. Halafu baada ya kila mazungumzo ya mdomo na meneja, namwandikia mistari miwili: nimefahamu hivi, nitafanya hivi, Alhamisi saa kumi. Kama nimekosea, anirekebishe. Mwanzo aliona namchunga. Sasa amezoea, na nadhani yampendeza, maana hata yeye husahau alilosema.

Mama wa Mmoja

Mleta mada, mimi nina mtoto mwenye usonji, yuko darasa la tatu. Nasoma uzi huu kama naona barua yake ya mwaka 2045. Naomba nikuulize bila kuzunguka: mawazo ya kujidhuru yapo? Usione aibu. Na kama yapo, usiyalaze ndani peke yako, mwambie dada yako leo na kesho mwende hospitali pamoja.

Mhasibu Kimya

Asante mama. Kufa sijatamani. Ila nimewahi kutamani niugue kitu kinachoonekana, malaria kali au nivunjike mguu, nilazwe siku tano mtu asinisemeshe. Nilimweleza daktari, akaniambia na hilo nalo ni la kusema, lisisubiri likomae. Dada anajua.

Likizo nilichukua, msinishauri likizo. Siku zote 28 mwezi wa kumi na mbili, nikaenda Moshi kwa wazee. Nyumba ina watu 23, ibada asubuhi, wageni mchana, jioni vikao vya ukoo na mimi ndiye mweka hazina. Nilirudi Januari nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Afisa Utumishi

Habari zenu. Nimekaa kwenye utumishi wa kampuni binafsi miaka 12, nitaongea ya upande wetu, Tanzania Bara.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Hiyo ndiyo karatasi. Ofisini, nikikuuliza asilimia 3 yenu iko wapi, wengi wataniletea yule kijana anayechechemea wa stoo, basi. Ulemavu usioonekana haujafika kwenye vichwa vyetu, na ninajihesabu humo. Niliwahi kumwandikia kijana mmoja onyo kwa "kutoitikia salamu za viongozi". Nikisoma hapa najiuliza.

Kuhusu kuumwa: haki yako ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, na uwe na cheti cha daktari. Usitumie simu ya "naumwa" mara tatu bila karatasi, hapo ndipo wanapokupata. Ikitokea wamekuachisha na unaona si halali, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wengi wanakuja siku ya 45 na machozi.

Ushauri wangu hasa ni huu: usianze na jina la hali yako, anza na kazi. Bosi ukimwambia "nina usonji" atawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na ndani ya siku mbili ofisi nzima itakuwa inawaza Mirembe. Mwambie unaomba nini, kwa muda gani, na yeye anapata nini. Ombi la majaribio ya mwezi mmoja ni gumu kulikataa kuliko ombi la milele. Jina liweke mwishoni, kwa maandishi, maana siku mambo yakiharibika utahitaji kuonyesha kwamba alijua.

Mbeba Boksi

Nipo Uingereza, ghala la mizigo, zamu ya usiku. Huku kuna Sheria ya Usawa ya 2010, mwajiri analazimika kukufanyia marekebisho yanayowezekana. Niliomba nisiwekwe chini ya spika ya redio, nikapewa fomu, baada ya fomu kikao, baada ya kikao fomu nyingine. Miezi minne. Msimamizi wangu, Mghana mmoja mtu mzima, aliposikia akachukua ngazi akaikata waya ile spika. Sisemi mkate nyaya, nasema tu ilichukua dakika mbili.

Zamu ya usiku niliiomba mwenyewe. Wenzangu wanaiona adhabu. Mimi ghala tupu saa 9 usiku, boksi na namba zake, ndiyo raha yangu ya duniani.

Kuku wa Kienyeji

Nauliza kwa nia njema. Kama kazi ya kukaa na watu huiwezi, kwa nini usifungue ofisi yako nyumbani? Wahasibu wa kujitegemea wapo wengi.

Mhasibu Kimya

Mkuu, mhasibu wa kujitegemea nusu ya kazi yake ni kutafuta wateja. Kupiga simu kwa mtu nisiyemjua, kumbembeleza, kumdai. Napenda hesabu, sipendi kudai. Hapa mshahara unaingia bila kuuomba.

Nimeanza kitu baada ya kusoma haya. Nimenunua daftari dogo, kila saa naandika nimebaki na chaji kiasi gani, kama simu. Nitarudi.

Mhasibu Kimya, wiki tano baadaye

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, jina lenyewe mnaliona.

Kwanza daftari. Niliandika siku 10 za kazi. Nilikuwa naamini kinachonichosha ni VAT na kufunga mwezi. Nilikuwa nimekosea kabisa. Kulinganisha taarifa ya benki na vitabu, saa nne mfululizo, kunakula chaji 10 kwa mia. Kuna siku nilimaliza nikiwa juu kuliko nilivyoanza. Kikao cha ghafla cha dakika 20 kinakula 35. Jenereta, 15 kwa saa. Salamu za asubuhi, kuzunguka meza 10 za nyumbani, za watoto, za foleni, 12, na hiyo ni kabla sijawasha kompyuta. Kikao cha harusi ya mtoto wa mkurugenzi, 40, na sare ya kitenge inawasha shingoni mpaka leo. Yaani kazi yangu ni kitu kidogo kabisa kwenye kazi yangu.

Basi nikamwandikia bosi, kwa mtindo wa Afisa Utumishi. Nanakili:

"Shikamoo bosi. Naomba mambo matatu kwa majaribio ya mwezi mmoja, lengo ritani ya VAT iwe tayari tarehe 17 badala ya 20. La kwanza, niingie saa 12:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. La pili, kazi ya ghafla niipate kwa ujumbe wa maandishi ukionyesha inatakiwa saa ngapi. La tatu, meza yangu ihamie chumba cha mafaili. Siku ile ya tarehe 19 sikususa. Nina hali inayoitwa usonji, nikizidiwa na kelele sauti hukatika kwa muda. Cheti cha daktari ninacho."

Niliituma Ijumaa jioni ili asinijibu uso kwa uso. Jumatatu akaniita. La kwanza sawa, la pili sawa. La tatu akakataa, eti nikikaa chumba cha mafaili wageni watadhani nimefungiwa. Akanipa kona ya mbali na dirisha la jenereta, natazama ukuta. Ukuta ni mzuri, mweupe, hauna habari za nyumbani. Kisha akaniuliza mbona hukusema siku zote. Kesho yake akaniuliza natumia dawa gani na kama zinaruhusu kuendesha gari. Sina gari.

Saa za asubuhi ndizo zimenibeba. Mwendokasi ya saa 11 na nusu kutoka Kimara bado ina kiti, na ukifika mjini barabara za watembea kwa miguu ni zako na wafagiaji tu. Ofisini niko peke yangu saa moja na nusu nzima. Halafu wakiingia wao ndio wanaonisalimia mimi, kila mmoja akipita, moja moja. Kuitikia ni rahisi kuliko kuanzisha, sijui kwa nini sikuliwaza hili miaka yote.

VAT nimeigawa. Kila Ijumaa napanga risiti za EFD (mashine za kodi) za wiki hiyo na kulinganisha na ankara, kwa hiyo tarehe 15 kinachobaki ni kujumlisha. Mwezi huu nimetuma tarehe 16.

Michango nimemwambia dada wa mapokezi akate 10,000 kila tarehe 28 iwe harusi, iwe msiba, asiniulize ya nani. Alicheka, akakubali. Wengine wawili wameomba utaratibu huohuo.

Yasiyokaa sawa: habari imevuja. Kuna mmoja ananiita "profesa" na mwingine nilimsikia akisema wa Mirembe. Na wiki iliyopita nilizima tena. Simu tatu zililia pamoja, mteja kasimama kaunta anafoka. Safari hii nilikuwa na kikaratasi nimeandika tayari, "Nasikia, siwezi kuongea sasa, nipe nusu saa", nikampa bosi nikaenda kwenye vigae vyangu. Alipandisha nyusi, zilezile ninazozijua vizuri. Nusu saa ilipoisha nikarudi, hakusema kitu. Chaji bado jioni inafika 20, si 80. Lakini shati nachagua.

Mwalimu wa Hesabu

Hicho kikaratasi nakiiba. Nitakiandika upande wa pili wa ratiba yangu ya vipindi.

Pwani Tulivu

Masha'Allah. Ila bosi kukwambia "wageni watadhani umefungiwa" nimemrushia binamu. Amenijibu: kipo. Asema chumba kile wanataka kumpa mtu mwingine.

Mhasibu Kimya

Binamu ni hatari. Jana wameingiza meza ya afisa masoko mpya.

Kuku wa Kienyeji

Mkuu, hongera. Swali nje ya mada kidogo. Hapo juu uliandika jenereta 15 kwa saa, sasa hivi unalizuia na nini? Jirani yangu amefungua baa.

Mhasibu Kimya

Vizibo vya masikio vya sponji, vile vya mafundi wanaosaga vyuma. Nenda eneo la Gerezani hapa Dar, maduka ya vifaa vya ujenzi, usiende maduka ya simu. Nawa mikono kwanza, kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, kiingize, ukishikilie mpaka kifure. Watu wanakiweka mlangoni tu halafu wanasema hakifanyi kazi.